Mpangaji wa Jani

Nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, Nairobi, kuna mpera wenye umri mkubwa kuliko wangu. Mapera yake tuliyamaliza yakiwa mabichi, kizazi baada ya kizazi, na sidhani kuna mtoto wa mtaa ule anayejua pera bivu la mti huo lina ladha gani. Mwaka mmoja majani yake yaligeuka meusi. Hayakukauka; yalikuwa meusi tu, kama sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Mama jirani anayepika chapati pale kwenye kona akaniita.

"Mwanangu, si wewe ndiye unayesomea mambo ya miti? Njoo uwaambie watu huu weusi umetoka wapi, kabla hawajasema ni jiko langu."

Nilitoa lenzi yangu, ya kukuza mara kumi, ninayoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikapitisha kidole gumba juu ya jani. Weusi ukatoka kama masizi, na chini yake jani lilikuwa kijani, zima kabisa. Nilipoligeuza nikawakuta wenye makosa: wadudu wadogo weupe kama unga uliomwagika, wamejipanga kando ya mishipa ya jani wakinyonya utomvu. Wanachonyonya ni kingi kuliko wanachohitaji, kwa hiyo sukari inayozidi huidondosha kwenye majani ya chini. Juu ya sukari hiyo huota kuvu nyeusi. Kuvu yenyewe haili jani. Inaramba tu kilichomwagika mezani. Jiko likafutiwa mashtaka.

Nimeanza na jani hili kwa sababu halikuwa na kile nilichokuwa nakitafuta. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikigeuza majani ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji: miembe ya Makongeni, miparachichi ya Kaloleni, mipera ya Maringo, maua ya mikebeni kwenye roshani za Umoja na Kayole. Watu wamenizoea. Ni askari wa kanjo mmoja tu, huko Barabara ya Jogoo, aliyetaka kujua kama ninachochuma kinatafunwa au kinavutwa. Nilimwambia natafuta likeni. Akaniangalia kama mtu aliyetajiwa jina la matatu mpya.

Simlaumu. Neno hili ni geni, na mwenyewe nalitumia kwa kukosa lingine. Ukienda Limuru ukaona zile ndevu za kijivu-kijani zinazoning'inia matawini, hiyo ni likeni. Ukipanda ngazi ukatazama vigae vya zamani vya Kaloleni, yale mabaka ya kijivu na ya manjano yaliyogandamana kama rangi iliyomwagika ni likeni pia. Kiswahili kiliwahi kuwa na neno lake, angalau kwa aina moja. Kamusi za zamani zimelihifadhi: malele. Malele yalichumwa kwenye miti na miamba ya pwani, yakafungwa kwenye magunia, na katika karne ya 19 yakapakiwa melini Zanzibar kwenda Ulaya, kutengenezewa rangi ya zambarau. Mwaka 1856 kijana Mwingereza, William Perkin, aliipata zambarau maabarani kutokana na lami ya makaa ya mawe. Biashara ya malele ikaanza kunyauka polepole, na neno likanyauka nayo. Hata hivyo kila aliyesoma kemia kidato cha kwanza, iwe Eastleigh au Dandora, ameshika mjukuu wa biashara ile. Karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi, asili ya rangi yake ni likeni za ukoo uleule wa malele, Roccella.

Basi likeni ni nini? Si mmea, ingawa hukaa kama mmea. Ni kuvu iliyomweka mwani ndani yake. Kuvu hujenga kuta na paa, hunasa maji na chumvichumvi. Mwani, ambao una kijani cha kutengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hupika, na kuvu hula sehemu ya kilichopikwa. Mwaka 1867 Mswisi Simon Schwendener aliposema hadharani kwamba likeni ni viumbe wawili, wakubwa wa fani hiyo walimcheka, wengine wakakasirika. Yeye mwenyewe hakuuona ushirika huo kwa upole: alieleza kuvu kama bwana, na mwani kama watumwa aliowafungia ndani. Vitabu vya shule vilivyokuja baadaye vikaigeuza hadithi kuwa ndoa ya raha. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake wakatangaza kwamba katika likeni nyingi kuna hata mtu wa tatu, kuvu ya jamii ya hamira iliyojificha kwenye ngozi ya nje. Sisi tuliokulia kwenye ploti za vyumba kumi na choo kimoja hatukushangaa sana. Nani anamtegemea nani, nani amemzidi nani ujanja, nani analipa stima na nani anaunganisha waya usiku, hayo hayamaliziki kwa neno moja la kitabuni.

Likeni nyingi hukaa juu ya gome au jiwe, na huko hazina haraka. Kuna zinazotambaa kwenye miamba ya nchi za baridi kwa mamia ya miaka, zikiongeza upana wa chini ya milimita moja kwa mwaka. Lakini kati ya spishi kama 20,000 zinazojulikana duniani, zaidi ya 800 zimechagua makao ya ajabu: jani bichi, kwenye misitu ya mvua ya ukanda wa joto. Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta Eastlands, na hizo ndizo zilizonipandisha basi la usiku kwenda Kakamega.

Msitu wa Kakamega ni ukingo wa mashariki wa msitu ule mkubwa wa Kongo, kipande kilichobaki kikijitegemea. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 1,600 na kitu, chini kidogo ya Nairobi, lakini hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya jiji. Nyanya yangu mzaa mama ana boma upande wa Shinyalu, karibu na ukingo wa msitu. Ua wake wa nyuma ni wa drasena, mmea wenye majani marefu ambao Wachaga huuita isale na kuupanda mipakani. Chini ya miti mikubwa, ambapo jua hufika kwa vipande, majani ya ua ule hayakauki umande hadi karibu saa tano.

Nilichuchumaa hapo asubuhi nzima. Nyanya alikuja na kikombe cha chai, akasimama juu yangu.

"Mjukuu wangu, jani hilo lina upele. Chukua yale masafi."

Upele ndio niliokuja kuutafuta. Kwa macho matupu, jani lilikuwa na madoa: mengine ya kijani kilichopauka, mengine ya kijivu, mengine meupe kama chokaa iliyorushwa kwa brashi. Chini ya lenzi, doa la kwanza lilikuwa duara lenye upana wa punje ya ndengu, ukingo wake umegawanyika kama vidole vya mkono wa mtoto. Juu yake kulikuwa na nukta nyeusi zilizotuna, kumi na tatu, kama zilizowekwa kwa ncha ya kalamu. Kila nukta ni chungu kidogo chenye tundu juu, na ndani yake hukomaa spora, mbegu za kuvu. Hii ni Strigula, jenasi iliyopewa jina na Elias Fries wa Uswidi mwaka 1823.

Nilijaribu kuikwangua kwa ukucha. Doa la jirani yake, lile jeupe, lilitoka kama ngozi ya maziwa. Strigula haikutoka. Jani lilichanika kabla yake. Sababu ni kwamba haikai juu ya jani kama wenzake, bali chini ya ule utando wa nta unaofunika jani, kati ya nta na ngozi. Tuseme wengine wamelala juani juu ya paa la mabati, na huyu amejipenyeza katikati ya mabati na dari.

Aliingiaje? Hapa kisa kinanoga. Mwani ambao Strigula huishi nao unaitwa Cephaleuros, na mwani huo peke yake ni mvamizi wa majani anayejulikana vizuri na wakulima. Ndiye anayeleta kutu nyekundu kwenye majani ya chai. Ndiye mwenye madoa ya rangi ya machungwa, yenye manyoya laini kama mahameli, kwenye mipera, miembe na miparachichi ya sehemu za mvua. Yeye ndiye aliyegundua njia ya kupita chini ya nta. Kuvu ya Strigula humfuata humohumo, humzingira, humtuliza, na yale manyoya ya machungwa hayaonekani tena. Kwenye jani la nyanya niliona vyote viwili: kichaka kidogo cha machungwa kilichokuwa bado huru, na sentimita moja kutoka hapo, duara la kijani ambalo mwani wake alikuwa ameshatekwa. Kwa hiyo mwani amevamia jani, na kuvu amemvamia mvamizi. Jani je? Linapoteza mwanga kidogo chini ya kila doa na kuendelea na kazi. Schwendener angefurahi kuliona. Na sijui wenye hadithi ya ndoa wangelieleza vipi.

Lakini kilichonishika mimi zaidi ni suala la muda. Jani ni nyumba ya kupanga, na mkataba wake ni mfupi. Kwenye kivuli cha msitu jani la mmea kama ule linaweza kuishi miaka miwili, mitatu, pengine zaidi kidogo. Kisha linadondoka, linafunikwa na majani mengine, linaoza. Likeni haina miguu ya kuhama. Ndani ya muda huo lazima itue, ishike, ikue, ikomae na kupeleka watoto kwenye jani lingine. Binamu yake wa jiwe la Aktiki, kwa muda huo, hajatambaa hata upana wa kucha.

Mtu wa Eastlands anaijua hesabu hiyo. Hukai kwenye nyumba ya kupanga ukipanda mwembe. Unapanda sukuma wiki.

Na likeni za majani zimepanda sukuma wiki kwelikweli. Nyingi ni nyembamba kuliko karatasi, na upana wake ni wa milimita chache. Kujenga zaidi ni kupoteza. Huanza kuzaa zikiwa bado changa. Ukoo mmoja, Gomphillaceae, umebuni chombo ambacho hakipo kwa likeni wengine wowote: vijiti vidogo vilivyosimama wima juu ya jani kama nywele, katika spishi nyingine vikiwa na kichwa kilichotanda mfano wa mwavuli. Kwenye vijiti hivyo hutungwa vifungu vya nyuzi za kuvu, na mara nyingi mwani huwa umeshapakiwa ndani yake. Tone la mvua likipiga, kifungu huruka hadi jani la jirani na kutua na mke, mume na sufuria zote kwa safari moja. Spora ya kawaida hutua peke yake na inabidi ianze kumtafuta mwani, jambo ambalo kwa mwenye mkataba mfupi ni bahati nasibu. Nilitazama vijiti hivyo, vyeupe, urefu wake chini ya nusu milimita, hadi nyanya akaniambia chai imepoa na imeshaingia siafu.

Jani changa huwa laini na lenye nta inayoteleza, wachache hulishika. Likizeeka, nta inapochakaa, foleni huongezeka, na kwenye misitu yenye unyevu sana wachunguzi wamehesabu hata spishi 50 kwenye jani moja. Lile langu lilikuwa na sita nilizoweza kuzitenganisha, na mimi si bingwa.

Mabingwa wa kweli wamepita pande zetu. Mswidi Rolf Santesson ndiye aliyeupanga upya ulimwengu wa likeni za majani, katika kitabu kinene alichokitoa mwaka 1952. Kabla yake majina yalikuwa yamerundikana, kiumbe kimoja kikiitwa mara tatu. Mhungaria Tamás Pócs, alipokuwa akifundisha Morogoro, alipanda milima ya Uluguru akikusanya vyote vinavyoishi juu ya mimea mingine, akapima pia jinsi viumbe hao wanavyoyashika maji ya ukungu. Hilo si jambo dogo, ukikumbuka kwamba vijito vya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Likeni za majani kutoka Tanzania zilichambuliwa na Mcheki Antonín Vězda, aliyechapisha matokeo mwaka 1975. Kwa upande wa Kenya, Wajerumani Robert Lücking na Klaus Kalb walitoa spishi mpya na nyongeza kwenye orodha mwaka 2002. Kisha wakaja wenyeji: Paul Kirika na George Mugambi, waliofanya kazi kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, ambao wameandika na Lücking kuhusu likeni ambazo hazikuwa zimewahi kurekodiwa nchini. Hebaria hiyo, ghala la mimea iliyokaushwa, ilianzia Amani, kwenye milima ya Usambara, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, na sasa iko kwenye makumbusho ya taifa, mwendo wa matatu mbili kutoka Jericho. Orodha bado haijafungwa. Hata Strigula yenyewe, iliyodhaniwa kuwa na spishi chache zilizosambaa kila bara, ilipopimwa vinasaba ilionekana kuwa mkusanyiko wa wengi waliofanana sura, na mwaka 2020 spishi zake za majani ziligawanywa katika jenasi kadhaa.

Turudi Nairobi. Kwa nini Eastlands nimepata vumbi na kuvu ya masizi, nisipate hata nukta moja ya Strigula?

Jibu la haraka ni moshi, na si jibu la kijinga. Mwaka 1866 William Nylander, Mfini aliyeishi Paris, aliona kwamba bustani ya Luxembourg ilikuwa bado na likeni ambazo sehemu nyingine za jiji zilikuwa zimezipoteza, akasema likeni ni kipimo cha usafi wa hewa. (Nylander huyohuyo alimpinga Schwendener kwa ukali hadi kufa. Mtu anaweza kuona mbali kwa jicho moja tu.) Mwaka 1970 Waingereza David Hawksworth na Francis Rose walitengeneza kipimo cha ngazi kumi cha kukadiria salfa iliyomo hewani kwa kuangalia likeni za magome. Likeni haina mizizi wala nta ya kujikinga. Inakunywa kila kinacholetwa na mvua na upepo. Dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguzwa salfa Januari 2015, lakini simama Barabara ya Outer Ring saa kumi na mbili jioni, halafu uniambie kama ungependa kunywa hewa ile kwa ngozi.

Hata hivyo nisiwasingizie madereva. Likeni za majani hazikufukuzwa Eastlands, hazikuwahi kuhamia. Reli ilipofika mwaka 1899 ilisimama mahali nchi mbili zinapokutana. Magharibi kulikuwa na miinuko, udongo mwekundu, mvua zaidi na msitu, ambao mabaki yake ni Karura na Ngong. Hata jina Kibra ni neno la Kinubi la msitu. Mashariki ulianza uwanda wa nyasi na migunga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunasa viatu masika. Kila ukishuka kuelekea Athi, mvua inapungua. Serikali ya kikoloni ilipogawa jiji, Wazungu walijipa miinuko yenye miti, na Waafrika wakapewa uwanda ulio chini ya reli na viwanda. Kaloleni ilijengwa hapo miaka ya 1940, na mitaa mingine ikafuata. Ukitembea na lenzi kutoka Karura hadi Kayole utauona mstari huo kwenye magome: matawi yenye mapande mapana ya kijivu-kijani, kisha magamba yaliyobana, kisha mabaka ya hapa na pale, kisha gome tupu na tangazo la mganga. Hakuna aliyewauliza likeni, lakini ramani ya unyevu na ramani ya nani aliruhusiwa kuishi wapi zimelaliana karibu kabisa.

Nilipoondoka Shinyalu, nyanya alinikatia shina la drasena lenye majani manne, mawili kati yake yakiwa na upele. Huota kirahisi, unalichomeka tu. Nililifunga kwa gazeti, nikalipakata hadi Nairobi, nikalipanda kwenye mkebe wa rangi kwenye roshani ya nyumba ninayopanga Umoja. Maji huja Jumanne na Ijumaa. Niliweka mtungi mmoja kando kwa ajili ya mmea huo, nikawa naurashia asubuhi na jioni, huku wapangaji wenzangu wakipita na ndoo zao bila kusema neno.

Wiki ya tatu maduara yalianza kupauka. Kufikia Februari yalikuwa rangi ya majivu, vidole vya ukingo vimejikunja, na nukta nyeusi zimebaki kumi na tatu kama nilivyozihesabu, hakuna hata moja iliyoongezeka. Majani yale mawili yalidondoka moja baada ya lingine. Moja ninalo ndani ya daftari. Mvua ndefu zilipokuja shina likatoa majani matano mapya, mapana, ya kijani kibichi, bila doa. Niliendelea kuyapitisha chini ya lenzi kila Jumapili.

Mwezi wa sita mtunza ploti alipanda kusoma mita za maji, akasimama mbele ya mkebe.

"Huu mmea ulikuja na ugonjwa wa ngozi," akasema. "Umepona kabisa. Uliupaka nini?"

"Maji tu," nikamwambia.